Mshipa Uliodhaniwa Kuwa Mrija

Nyuma ya kila jicho lako, msomaji, pana kamba nyeupe, nyembamba kuliko kalamu ya risasi, ambayo urefu wake mpaka ikutanapo na ile ya jicho la pili ni kama sentimita 5. Huo ndio mshipa wa fahamu wa kuonea, wa pili katika jozi 12 zitokazo ubongoni. Nao uliwapotosha wenye hekima kwa karne nyingi.

Galen, tabibu Myunani aliyeganga Roma katika karne ya pili baada ya Kristo, alifundisha ya kuwa mshipa huo u wazi ndani mfano wa mrija, na kwamba hewa laini ya uhai hushuka humo kutoka ubongoni hadi machoni, nasi tukaona. Neno lake likawa sheria. Mwaka 1543 Andreas Vesalius aliandika kwamba ameupasua asione tundu lolote. Lakini hata katika karne iliyofuata walikuwako wapasuaji waliosema wameliona kwa macho yao wenyewe!

Habari hizo zikamfikia Antoni van Leeuwenhoek wa mji wa Delft, Uholanzi. Huyu hakuwa tabibu, wala hakujua Kilatini, lugha ya wataalamu wa siku zile. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo aliyejifundisha kusaga vioo vidogo vya kukuzia. Mwaka 1674 alitwaa mishipa mitatu ya macho ya ng'ombe, akaikagua kwa bidii. Tundu hakuliona. Aliona nyuzi, nyingi na laini mno, zimelazwa pamoja kama katani katika kamba.

Basi, ikiwa hakuna mrija, yale tuyaonayo husafiri vipi? Leeuwenhoek hakulikimbia swali. Aliwaandikia wataalamu wa Royal Society mjini London wawaze bilauri ndefu iliyojaa maji: ukiyagusa juu kwa kidole, mguso huo hufika hata chini. Alikosea, maana leo twajua kwamba kipitacho katika nyuzi hizo ni mishtuko ya umeme. Hata hivyo naliheshimu kosa lake, kwa kuwa lilianzia kwenye kitu alichokiona.

Nyuzi zenyewe, katika mshipa mmoja wa binadamu, hupata kama 1,000,000, na nyingi unene wake ni karibu sehemu moja ya elfu ya milimita. Kila uzi ni mkia mrefu wa chembe hai iliyomo ndani ya jicho, nao umevikwa mafuta yaharakishayo ujumbe. Katika mishipa mingine ya kichwani, kama ule wa uso, uzi uliokatika huweza kuota tena. Huu wa kuonea hauoti, kwa kuwa kwa asili yake ni tawi la ubongo wenyewe. Ndiyo sababu ugonjwa wa glakoma, ukishaziua nyuzi hizo, nuru iliyopotea hairudi.

Leeuwenhoek alipeleka London hata vipande vyembamba vya mshipa alivyovikata kwa mkono wake. Mwaka 1981 Brian J. Ford, mwanabiolojia Mwingereza, akizipekua barua za kale za Royal Society, alivikuta vingali ndani ya vifuko vyao vya karatasi.