Ugeuzaji wa Pikipiki za Petroli kuwa za Umeme (Eastlands, Nairobi)

Ugeuzaji wa pikipiki kuwa ya umeme ni kazi ya kuondoa injini ya petroli katika pikipiki iliyokwisha kutumika na kufunga mahali pake mota, betri na vifaa vya kuviongoza, huku fremu, breki na usukani vikibaki vilevile. Katika Eastlands, yaani mitaa ya mashariki mwa Nairobi kama Kaloleni, Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, kazi hii inahusu hasa pikipiki za boda boda, ambazo nyingi zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150. Jijini Nairobi ugeuzaji wa vyombo vya usafiri ulijulikana zaidi kupitia kampuni ya Opibus, iliyoanzishwa mwaka 2017, ikageuza magari ya kitalii, ikaingia katika utengenezaji wa pikipiki mpya za umeme, na mwaka 2022 ikabadili jina kuwa Roam.

Ufundi

Kuna njia mbili kuu. Katika ya kwanza, mota huwa ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma, hivyo giaboksi, klachi na cheni hazihitajiki tena. Katika ya pili, mota hufungwa palipokuwa na injini na kuzungusha gurudumu kwa cheni, na fundi akibadilisha sproketi anaweza kupunguza kasi ili kuongeza nguvu ya kubeba abiria na mzigo. Kati ya betri na mota hukaa kontrola, kifaa cha kielektroniki kinachopima umeme wa kutoka kulingana na jinsi dereva anavyozungusha mshiko wa mkono wa kulia, na kando yake konvata, inayoshusha volti za betri hadi 12 kwa ajili ya taa na honi. Vishikizo vya mota na sanduku la betri ni kazi ya kuchomelea chuma, ya aina inayofanywa kila siku na mafundi wa jua kali, yaani wa sekta isiyo rasmi, katika Kariobangi Light Industries; hata hivyo, katika fremu ambazo injini ni sehemu ya kuzikaza, kuiondoa bila kuweka mhimili mwingine huidhoofisha pikipiki nzima. Maungio ya nyaya nayo hufungwa yasipenye maji, kwa kuwa wakati wa masika barabara nyingi za mitaa hiyo hufurika.

Betri na nishati

Betri ya volti 72 na ampea-saa 40 hubeba takriban kilowati-saa 2.9, ilhali lita moja ya petroli ina karibu kilowati-saa 9. Tofauti hiyo hupunguzwa na ufanisi: injini ndogo hugeuza kiasi cha robo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo, na katika mwinuko wa Nairobi, ambako hewa ni nyepesi, hupoteza sehemu ya nguvu zake, ilhali mota hutumia zaidi ya asilimia 80 ya umeme inaopewa na haihitaji hewa ya kuchomea mafuta. Kwa hiyo betri hiyo yaweza kutoa mwendo wa kilomita 60 hadi 70, ambao haumtoshi dereva anayezidi kilomita 100 kwa siku.

 

Makazi na uchajishaji

Katika nyumba za chini za Kaloleni, zilizojengwa miaka ya 1940, pikipiki hufika mlangoni na kuchajiwa hapo. Umoja na Kayole, ambako maghorofa ya kupangisha yamechukua nafasi ya nyumba nyingi za awali, mpangaji wa ghorofa ya nne hulazimika kupandisha ngazini betri ya kilo 25 au zaidi, au kuafikiana na mwenye nyumba kuhusu soketi ya chini na tokeni za mita. Mwaka 2023 Kenya ilianzisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, Sh16 kwa kilowati-saa na Sh8 katika saa za matumizi madogo, lakini mpangaji anayechaji kwa mita ya nyumbani hulipa bei ya kawaida ya nyumbani.

Usajili na nafasi yake sokoni

Kwa kuwa namba ya injini imo katika kitabu cha usajili, kubadilisha injini kwa mota hupaswa kuarifiwa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima nayo kurekebishwa. Kikwazo kikubwa zaidi kiko kwenye betri: kampuni zinazouza pikipiki mpya za umeme zina vituo ambako dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa kwa dakika chache, ila betri hizo ni za umbo na plagi za kampuni husika. Pikipiki iliyogeuzwa kwa sanduku la kuchomelea haiwezi kuzitumia, hivyo faida ya kuokoa fremu ya zamani humfaa zaidi mwenye safari fupi na mahali pake pa kuchaji kuliko dereva wa boda boda anayefanya kazi kutwa.