Kutoka Santuri Hadi Seva: Sauti na Nyumba Yake

Mwalimu wa Kiswahili anayetaka kujua jinsi kitu kigeni kilivyopokewa na watu hana budi kuanza na jina walilokipa. Santuri asili yake ni ala ya nyuzi ya Waajemi na Waarabu, ipigwayo kwa vijiti viwili vyepesi. Sanduku liimbalo lilipowasili katika pwani ya Afrika Mashariki, Waswahili walilipa jina la ala hiyo, na baadaye jina likahamia kwenye sahani nyeusi yenyewe. Wengine walisema kinanda tu. Majina haya yatuonyesha kwamba wazee wetu waliihesabu mashine ile miongoni mwa ala za muziki, ijapokuwa haikuwa na mpigaji. Hawakuiona kuwa ni ghala. Nasi katika makala haya twataka kulitazama hilo la ghala: sauti ya watu wetu ikishanaswa, huwekwa katika nyumba ya nani?

Swali hili lilitujia hapa Bujumbura, nyumbani kwetu Rohero, siku tulipoiweka kompyuta kuukuu katika pembe ya sebule ili iwe hazina ya muziki wa nyumba nzima. Mtambo wa namna hii huitwa seva, neno ambalo asili yake katika Kiingereza ni mtumishi. Na kweli kazi yake ni utumishi. Hukaa kimya na nyimbo zake, na yeyote aliye nyumbani akiuomba wimbo kwa simu yake au kwa redio ndogo ya chumbani, hupelekewa papo hapo kupitia mawimbi ya nyumba yenyewe. Kabla ya kueleza jinsi ulivyotengenezwa, yafaa turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Unguja hadi Bombay ili kuimbia mashine za kampuni ya His Master's Voice. Santuri zikarudi zikauzwa, na watu wakafurahi kusikia Kiswahili kikitoka katika sanduku. Lakini kiwanda kilikuwa ng'ambo. Huku bara mambo hayakuwa mbali na hayo. Mwaka 1948 Mgiriki Nico Jeronimidis alianzisha Leopoldville lebo ya Ngoma, ambayo santuri zake zilienea sana katika nchi zilizokuwa chini ya Wabelgiji. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta Mwenda wa Bayeke na gitaa lake huko Jadotville, Katanga, akamnasa akiimba kwa Kiswahili cha kwao. Miaka miwili baadaye Tracey aliunda maktaba yake ya muziki wa Afrika, nayo aliiunda Afrika Kusini.

Katika Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa hadi uhuru wa mwaka 1962, Rohero ilikuwa makao ya Wazungu. Waafrika walikaa Buyenzi na Belge, ambayo leo ni Bwiza, na Kiswahili kilikuwa lugha ya mitaa hiyo. Hatuhitaji kusema mengi juu ya nani alikuwa na santuri barazani na nani aliisikilizia mbali.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha mwaka 1967. Wataalamu kutoka Ufaransa walikuja Burundi wakanasa muziki wa asili, na mwaka uliofuata sahani ikatolewa kwa lebo ya Ocora. Ndani yake mna ngoma zetu kuu, zile ambazo kwa Kirundi huitwa ingoma, neno lilelile ambalo pia lina maana ya ufalme. Mna inanga ipigwayo na mwimbaji anayenong'ona. Mna pia akazehe, maamkizi ya wanawake yaimbwayo, ambayo mmoja hutangulia kwa maneno na mwenzake humjibu, sauti zikapokezana na kuingiliana hata msikilizaji asijue hii imekomea wapi na ile imeanzia wapi. Mwaka 1971 sauti za ngoma hizo ziliongezewa kinanda na gitaa huko Ulaya, zikawa wimbo wa kuchezwa dansini uliopewa jina la nchi yetu. Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alizitia katika wimbo wake. Twakiri kwamba tulipousikia kwa mara ya kwanza tulitikisa kichwa kwa furaha kabla ya kukumbuka kuuliza wapigaji walipata nini.

Kanda ndogo ya kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ilibadili mambo kuliko santuri. Santuri ilimfanya mtu kuwa msikilizaji. Kaseti ilimpa na kitufe chekundu. Aliyekuwa na redio kaseti aliweza kunasa nyimbo za Canjo Amissi kutoka Redio Burundi, akanasa dansi ya Dar es Salaam usiku mawimbi yalipovuka ziwa, na Jumapili akamnasa bibi yake. Nyumba za Bujumbura zikajaa kanda katika makasha ya viatu. Hazikuwa na orodha wala mpangilio, lakini zilikuwa zetu.

Ghala kubwa liliendelea kuwa la vituo vya redio, na jinsi ghala hilo lilivyo dhaifu tulikuja kuliona. Katika siku za jaribio la kupindua serikali, tarehe 13 na 14 Mei 2015, vituo kadhaa vya jiji hili vilishambuliwa, miongoni mwao RPA, Bonesha, Isanganiro na Rema, na vingine vikateketea kwa moto. Watu walizungumzia siasa, na haki yao. Sisi walimu wa lugha tulifikiria pia mahojiano, nyimbo na hadithi ambazo huenda hazikuwa na nakala mahali pengine.

Hapa ndipo linapoingia neno huria. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kuandika programu ambazo kila mtu ataruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha Linux. Na mwaka 1993 ukaanza mkusanyo uitwao Debian, ndio tunaoutumia. Stallman amehangaika miaka mingi kuwaeleza wenzake kwamba kitu huria si lazima kiwe cha bure, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa maana zote mbili. Mwanafunzi wetu wa darasa la tano hawezi kukosea hapo. Bure ni bure, na huru ni huru. Kiswahili chenyewe kiliingia katika kazi hiyo mapema: mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili.

Programu tuliyoichagua kugawa muziki ina historia ya kufundisha. Ilianza kama SlimServer ya kampuni ndogo ya Marekani, Slim Devices, iliyouza vyombo vya kusikilizia nyimbo zilizomo katika kompyuta. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilinunuliwa na Logitech, na mwaka 2012 Logitech wakaacha kutengeneza vyombo hivyo. Kama programu ingekuwa ya siri, ingekufa siku hiyo. Lakini maandishi yake yalikuwa wazi, watumiaji wakaendelea kuyatengeneza, na mwaka 2024, huduma ya kampuni mtandaoni ilipofungwa, mtambo wa nyumbani uliendelea kwa jina jipya la Lyrion.

Kazi yenyewe si ya ajabu, ni ya subira. Redio kaseti huunganishwa na kompyuta kwa waya, na kanda huchezwa mwanzo hadi mwisho, kwa maana hakuna njia ya mkato. Kompyuta huipima sauti mara 44,100 kwa kila sekunde. Kanda ya dakika 90 ikiwekwa hivyo bila kubanwa huchukua megabaiti 950 hivi. Ikibanwa kwa mtindo wa MP3 wa kawaida hushuka hadi 86, lakini kuna kinachotupwa kisichorudi. Sisi twatumia FLAC, mtindo huria uliotolewa mwaka 2001, ambao hupunguza ukubwa bila kutupa chochote. Diski ya gigabaiti 500 yatosha mamia ya kanda. Intaneti haihitajiki ili kusikiliza nyumbani, wala hakuna kifurushi cha kununua. Kinachohitajika ni umeme, na hapo kila mkazi wa Bujumbura atatabasamu.

Umeme ndio uliotutia adabu. Miongoni mwa kanda zetu ilikuwapo moja ya marehemu mama na mama mdogo wakiamkiana kwa akazehe, iliyonaswa uani zamani, kuku wakisikika. Tuliihamishia katika seva kwanza kabisa. Kisha, kwa kuwa kanda tupu zimekuwa adimu, na kwa kuwa tuliamini kilichomo ndani ya diski kimehifadhika, tukairekodi upya kwa imla za darasani. Wiki ya tatu umeme ulikatika na kurudi mara nne katika jioni moja, na asubuhi diski haikuamka. Fundi aliifungua, akaitazama, akatushauri tununue nyingine. Nakala ya pili hatukuwa nayo. Sauti za wasichana wa mwaka 1967, ambao hatuwajui, zimehifadhiwa Paris na kila mtu aweza kuzinunua; sauti ya mama, aliyeimba akazehe hiyohiyo, ilipotea Rohero katika nyumba ya mwanawe mwenyewe aliyekuwa akiwahubiria wengine juu ya ghala.

Sasa twaweka betri kati ya seva na ukuta, na kila mwisho wa mwezi ndugu yetu wa Buyenzi huja na diski yake, akanakili yaliyo mapya, akarudi nayo. Kanda haifutwi tena, hata iwe ya matangazo ya mpira.

Mwezi uliopita tulikwenda kwa mama mdogo na kinasa sauti, tukamwomba aimbe tena. Alikataa mara mbili akisema akazehe haiimbwi na mtu mmoja. Tulipomsihi, akafumba macho, akaimba sehemu yake, akinyamaza pale ambapo dada yake angemjibu, kisha akiendelea. Ni dakika tatu na sekunde 10. Hatukuzikata zile nyamazo. Katika orodha ya seva tumeiandika: Akazehe, sauti moja.