Kidude kinacholala mpaka meli izame

Nipo nyumbani Bariadi, likizo imenikuta na noti za mitandao isiyotumia waya. Kuna sehemu mhadhiri aliipita haraka haraka, vihisi vya kuokoa watu majini, na mawazo yangu yakaenda ziwani moja kwa moja. Kwetu ni pamba na ng'ombe, lakini basi la Mwanza likifika Lamadi ziwa hilo hapo.

Mwaka 1979 Marekani, Kanada, Ufaransa na Umoja wa Kisovieti (tena enzi za vita baridi!) walikubaliana setilaiti zisikilize meli na ndege zilizopata ajali. Ya kwanza ilirushwa 1982, na mwaka huo huo watu wakaokolewa. Kidude chenyewe hukaa melini miaka kimelala. Meli ikizama, mgandamizo wa maji unakifungua, kinaelea, kinaamka. Halafu uchoyo wake wa betri sasa! Kinatuma ujumbe kama nusu sekunde, kinanyamaza, baada ya kama sekunde 50 kinatuma tena. Ndiyo maana betri ndogo inafika saa 48.

Haya, tuje kwetu. MV Bukoba ilipinduka tarehe 21 Mei 1996, ikielekea Mwanza. Waliokuwa ndani waligonga, na waliokuwa juu walisikia. Tumbo la meli likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama. Mamia walikufa. MV Nyerere ikapinduka tarehe 20 Septemba 2018, karibu kabisa na gati la Ukara. Uwezo wake abiria 101, waliokufa 228. Usiku uokoaji ulisimama. Tarehe 22 mtu mmoja akatolewa mle ndani akiwa hai!

Kwa hiyo setilaiti inajibu swali la "wapi?", na Ukara "wapi" kila mtu alikuwa anapaona kwa macho. Swali lilikuwa nani bado anapumua. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye chuma na maji, sauti ndio inapita. Tatizo, kutuma sauti majini kunakula betri kuliko redio. Mimi naona kihisi kikae ndani ya tumbo la meli, kisikilize tu, kiseme pale kinaposikia mtu anagonga.

Nikirudi chuo lazima nimuulize mhadhiri. Umeme umekatika hapa, laptop imebaki asilimia 9. Baadaye wadau!