Nakala za jeni: kuhesabu au kukadiria?

Istilahi ya leo ni ndefu kiasi cha kumchosha msomaji kabla hajaielewa: programu ya kubaini mabadiliko ya idadi ya nakala za jeni. Sehemu yake ya mabadiliko ya idadi ya nakala wataalamu wameikata ikabaki herufi tatu, CNV, wakaendelea na kazi zao. Sisi tuifungue, maana ndani yake mna maneno mawili yanayoweza kumpotosha mzazi aliyeshika majibu ya maabara, na kitenzi kimoja kinachoahidi mengi kuliko kinayotimiza.

Jeni kwanza. Watanzania tumezoea vinasaba, neno lililozaliwa vizuri kutoka nasaba, na ndilo tunalolitumia tunapoitaja Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009 inayosimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Ila vinasaba limebebeshwa mengi: mara DNA yote, mara kipande kimoja chenye kazi yake. Hapa kinachohesabiwa ni kipande, kwa hiyo jeni ndilo neno linalofaa.

Nakala ndiyo yenye matata. Ofisini, nakala ni karatasi inayotoka kwenye mashine huku ile halisi ikibaki kwenye faili. Mwilini hakuna halisi. Jeni nyingi tunazo mbili mbili, moja ya mama na moja ya baba, wala hakuna iliyotolewa kwa mwenzake. Halafu zipo zisizofuata hata hesabu hiyo. Jeni za alfaglobini, zinazosaidia kuunda hemoglobini ya damu, zimekaa mbili mbili kwenye kila kromosomu ya 16, hivyo hesabu yake kamili ni nne. Ukiambiwa mtoto ana nakala tatu za alfa, basi amepungukiwa, hajazidishiwa.

Tuje kwenye mabadiliko. Kilifi, pwani ya Kenya, takriban nusu ya watu wamerithi nakala tatu za alfa, na kama mmoja kati ya sita anazo mbili tu. Wenye nne ni kama theluthi moja tu. Sasa hapo kilichobadilika ni nini, na kimebadilika kutoka wapi? Kwa hali ya kurithi kama hiyo naona tuseme tofauti ya idadi ya nakala, na mabadiliko tuyaache kwa yale yanayozuka katika maisha ya mtu, kama kwenye uvimbe wa saratani. Anayesoma “mabadiliko” hudhani kuna kilichoharibika, ilhali upungufu huu humkinga mtoto na malaria kali. Malaria ndiyo iliyoufanya ukaenea.

Huku Tanzania, Mkoa wa Mara una sababu yake ya kulijali jambo hili. Watafiti wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walipima sikoseli kwenye sampuli 17,200 za damu ya watoto wadogo wa mikoa 9 ya kaskazini-magharibi, Mara ikiwemo. Damu hiyo ilikuwa imetonwa na kukaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo cha VVU. Asilimia 1.2 walikuwa na ugonjwa, na mmoja kati ya watano alibeba jeni moja ya sikoseli. Sikoseli yenyewe ni herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya beta, kromosomu ya 11. Idadi ya nakala haihusiki. Lakini alfa na beta huunda hemoglobini moja, kwa hiyo hali ya moja huigusa nyingine. Mwaka 2005 watafiti wa Kilifi walionyesha kwamba kubeba jeni moja ya sikoseli humkinga mtu na malaria, upungufu wa alfa humkinga vilevile, lakini vikikutana kwa mtoto mmoja kinga hiyo karibu yote hupotea. Ndiyo maana mtoto wa Susuni, kule Tarime, anastahili majibu yanayotaja vyote viwili bila kuvichanganya.

Sasa programu yenyewe. CNVkit, ExomeDepth na nyingine za aina hiyo haziioni jeni. Mashine husoma DNA iliyokatwakatwa vipande vidogo, programu ikapanga kila kipande mahali pake, kisha ikapima vimerundikana kwa wingi gani. Mfugaji wa Tarime anayefuata ng'ombe walioibwa hufanya hivyohivyo: ng'ombe hawaoni, anasoma kwato njiani na kukisia walikuwa wangapi. Programu hulinganisha rundo la mgonjwa na la watu wengine, na CNVkit huandika uwiano huo kwa logi ya kizio 2. Kwa jeni ya kawaida, nakala mbili ni 0, moja ni -1, tatu ni 0.58. Nakala tatu za alfa badala ya nne ni kama -0.42, namba ndogo inayoweza kumezwa na kelele za mashine.

Na alfa ni jeni korofi. Zile mbili za kila upande zinafanana mno, kipande cha moja hupachikwa kwa nyingine, na rundo huvurugika. Kuna na hila ya kundi la kulinganishia. Ukichukua kundi la Kilifi, wastani wake ni nakala 3.2 hivi, si nne. Mwenye tatu ataonekana hana tatizo. Ukichukua kundi la Ulaya utaupata upungufu, lakini sasa utakuwa unalinganisha na damu iliyosomwa kwa mashine nyingine na kemikali nyingine, jambo ambalo nalo huzaa tofauti za uongo. Kwa sababu hizo maabara nyingi bado hutumia kipimo cha PCR kukitafuta kipande cha herufi kama 3,700 kinachokosekana, badala ya kuitegemea programu peke yake.

Kwa hiyo sikubali “programu ya kubaini”, na “programu ya kuhesabu” ndiyo siikubali kabisa. Jina la haki ni programu ya kukadiria idadi ya nakala za jeni. Ni refu, sawa, lakini halimdanganyi mtu. Nanyi mnaoandika majibu ya maabara kwa Kiswahili, andikeni “makadirio ya nakala: 3 kati ya 4”, na mstari unaofuata mseme kama yamethibitishwa kwa PCR au bado.