Kompyuta nayo inamtegemea bibi

Wadau, kuna wanaodhani siku hizi kompyuta inagundua dawa za ini peke yake. Hebu turudi nyuma kidogo.

Karne ya 1, Mrumi Pliny aliandika kuwa maji ya mmea mmoja wa miiba, ambao wengi wanautambua kama Silybum marianum, yakichanganywa na asali huondoa nyongo. Mwaka 1968, huko Munich, Wagner na wenzake wakatenga silimarini kutoka mbegu zake. Leo silibinini, sehemu ya silimarini hiyo, hutumika Ulaya kuwatibu waliokula uyoga wenye sumu ya ini.

Kompyuta ilikuja baadaye. Mwaka 1982, Irwin Kuntz na wenzake wa San Francisco walichapisha njia ya kuijaribisha molekuli kwenye protini, kama ufunguo kwenye kitasa. Sasa molekuli nyingi za mimea huchujwa hivyo, na chache zinazobaki hupelekwa maabara. Maana kuingia kitasani siyo kuponya.

Ila programu huchuja orodha iliyopewa tu. Pliny aliandika. Bibi yako anayejua mizizi, nani amemwandika? Nendeni na daftari jamani, kabla hajaondoka.