Mtunya na Watoto wa Rehani

Jioni, kwenye vituo vya daladala vya Nkuhungu, Dodoma, mtoto mwenye ndoo ya mayai ya kuchemsha hamshangazi mtu. Mteja huchagua yai, huomba kachumbari, hulipa, hurudi kwenye simu yake. Mtoto wa maskini kuitafutia nyumba riziki si jambo jipya katika nchi ya Wagogo. Kuna wakati mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa bei ya chakula.

Wazee waliuita wakati huo Mtunya, yaani kugombania. Ni njaa ya kati ya 1917 na 1920. Ugogo ina msimu mmoja tu wa mvua, na ukame wenyewe Wagogo waliuzoea; ndiyo maana walipanda uwele na mtama. Safari hii, hata hivyo, mbingu hazikuwa peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walizoa ng'ombe na nafaka ili kulisha majeshi yao. Waingereza wakaiteka Dodoma Julai 1916, nao wakazoa kilichobaki, kisha wakawachukua wanaume kwa maelfu kuwa wapagazi. Nani angelima? Mvua ilipogoma, vihenge vilikuwa vitupu tayari. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu wapatao 150,000, walikufa 30,000.

Waliobaki hai walihesabu walichonacho. Mifugo ilipokwisha, baadhi ya wazazi waliwaweka watoto rehani kwenye nyumba zenye akiba, wapate nafaka. Mtoto alikwenda kuchunga na kutumika, naye angalau akala. Ni rahisi leo kuwalaumu wazazi wale. Ila Mtunya haikuwafilisi wote: mwenye chakula alitoka kwenye njaa akiwa na watu wengi zaidi chini ya mamlaka yake.



Baadaye njaa zilizofuata ziliwasukuma Wagogo wengine hadi Dar es Salaam, wakaketi kando ya barabara na bakuli, kipofu akiongozwa na mtoto. Mji ukawapachika jina la ombaomba wa Dodoma, kana kwamba kuomba ni kabila. Wachache walikumbuka kwamba Kariakoo, walikopita wakinyoosha mkono, ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, kile kile kilichowameza wakulima wa Ugogo.

Dawa ya serikali, tangu ukoloni, ilikuwa kuwarudisha kwao. Mwaka 1983, katika operesheni ya Nguvu Kazi, wasio na kazi walikamatwa jijini na kusafirishwa bara. Miaka kumi nyuma, 1973, TANU ilikuwa imeamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Ombaomba wa Kigogo aliyeonekana kuuchafua mji mkuu wa zamani akawa anarudishwa kwenye mji mkuu mpya, na mtoto wake akiwa ameshika ncha ya fimbo.