Orodha ya Mkaguzi: Jinsi Uwanja wa Mbio Ulivyojifunza Kumkinga Mwendesha Pikipiki

Leo tuweke kando mambo ya seva na simu, tuzungumzie pikipiki. Msiwe na wasiwasi, kompyuta zitarudi kabla hatujamaliza.

Kuna kitu wapenda pikipiki wa Ulaya na Marekani wanakiita siku ya uwanjani. Uwanja wa mbio unafunguliwa kwa watu wa kawaida wenye pikipiki zao za barabarani. Unalipa ada, unakaguliwa, unapangwa kwenye kundi la watu wa kiwango chako, unazunguka kwa dakika 20 hivi, unapumzika, unarudi tena. Hakuna kombe wala mshindi. Wote mnaelekea upande mmoja, hakuna lori linalokuja mbele yako, hakuna ng'ombe, hakuna matatu ya kusimama ghafla. Jambo lenyewe si geni. Uwanja wa Nürburgring kule Ujerumani umeruhusu wananchi kulipa na kuingia na vyombo vyao tangu ulipofunguliwa mwaka 1927.

Kabla ya kuingia, lazima upite kwa mkaguzi. Kila uwanja una sheria zake, lakini orodha yake hufanana na hii:

- Helmeti yenye alama ya viwango, ambayo haijawahi kupata pigo
- Suti ya ngozi, glavu, buti na kinga ya mgongo
- Bolti ya kumwagia oili na kifuniko cha oili vifungwe kwa waya
- Rejeta iwe na maji matupu
- Mafuta ya breki yawe mapya, pedi ziwe nene
- Presha ya tairi ipimwe upya
- Vioo vya pembeni vitolewe, taa zibandikwe tepu

Sisi waandika programu tunaijua orodha ya namna hii. Unafungua programu ya zamani, unakuta mstari mmoja usioeleweka unafanya nini, na aliyeuandika hakuacha maelezo. Anakuja kijana mwerevu anaufuta. Ijumaa jioni mfumo mzima unalala. Ndipo mnagundua kwamba ule mstari uliwekwa kwa sababu ya balaa lililotokea zamani. Orodha ya mkaguzi ni vivyo hivyo: karibu kila mstari una mtu aliyeumia nyuma yake. Leo nataka tusome hayo maelezo yaliyokosekana.

KICHWA

Tuanzie mwaka 1907. Uingereza wakati ule ilikuwa na sheria ya mwaka 1903 iliyoweka mwendo wa mwisho kuwa maili 20 kwa saa, na barabara za umma hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Kisiwa cha Man kina bunge lake, Tynwald, kwa hiyo wapenda mbio wakavuka maji. Tarehe 28 Mei 1907 mbio za kwanza za TT zikafanyika huko. Charlie Collier, akiwa na Matchless, alishinda upande wa injini za silinda moja kwa wastani wa maili 38 kwa saa, yaani kilomita 61. Boda boda ya leo inaupita mwendo huo bila kutoa jasho. Lakini barabara zile zilikuwa za vumbi na mawe, na kichwani watu walivaa kofia ya kawaida tu.

Mwezi Juni mwaka huohuo ukafunguliwa uwanja wa Brooklands, karibu na mji wa Weybridge, kusini mwa London. Ulikuwa wa zege, mzunguko wa kilomita 4.4 hivi, na kona zake zimeinuka kama ukuta. Daktari wa uwanja huo aliitwa Eric Gardner. Yeye aliona jambo ambalo ni rahisi kuliona ukiwa unapokea majeruhi wa sehemu moja kila wiki: waliovunjika mkono walipona, walioumia kichwa mara nyingi hawakupona. Kufikia mwaka 1914 alikuwa ametengeneza kofia ngumu ya turubai iliyopakwa gundi ya shelaki. Akaipeleka kwa chama cha mbio za pikipiki cha Uingereza. Kwanza wakaikataa. Baadaye wakabadili mawazo, na katika TT ya mwaka 1914 ikawa lazima kwa kila mshindani.

Kofia haikuwa muujiza. Fred Walker alifariki kwenye mbio hizohizo za 1914 baada ya kugonga kizuizi akiwa ameshavuka mstari wa mwisho. Lakini Gardner alisimulia baadaye kwamba daktari wa kisiwani alimwambia kuwa miaka mingine walizoea kupokea majeruhi waliopoteza fahamu kwa kugonga kichwa, na mwaka ule hawakuwapata.

Mtu angedhani baada ya hapo dunia nzima ilivaa kofia. Wapi! Ujuzi ule ulibaki ndani ya uwanja. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, alikuwa kwenye pikipiki yake ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake Dorset. Alikwepa vijana wawili waliokuwa kwenye baiskeli, akaanguka, akaumia kichwa. Hakuwa na kofia. Alifariki siku sita baadaye, akiwa na umri wa miaka 46.

Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, Mwaustralia, mpasuaji wa ubongo. Cairns alianza kukusanya takwimu za waendesha pikipiki walioumia kichwa, na mwaka 1941 akachapisha utafiti kuhusu umuhimu wa kofia ngumu. Mwezi Novemba mwaka huohuo jeshi la Uingereza likawaamuru matarishi wake wote wa pikipiki kuivaa. Raia wa kawaida walisubiri hadi mwaka 1973 ndipo sheria ikawafikia. Hesabu mwenyewe: kutoka 1914 hadi 1973 ni miaka 59.

Kwa nini mkaguzi anauliza kama helmeti yako imewahi kupata pigo? Kwa sababu ya kazi ya Charles Lombard wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyepata hataza mwaka 1953. Kofia za zamani zilikuwa ganda tu na mikanda ya ndani. Lombard aliongeza tabaka la ndani linalobonyea na kumeza nguvu ya pigo, kama lile povu gumu linalofungwa pembeni ya televisheni mpya ndani ya boksi. Likishabonyea limekwisha kazi, hata kama nje rangi inang'aa. Mwaka 1956 dereva wa magari Pete Snell alikufa mbioni kwa kuumia kichwa, na mwaka uliofuata marafiki zake wakaanzisha taasisi ya kupima helmeti kwa jina lake. Ile alama ya Snell unayoiona nyuma ya baadhi ya helmeti imetoka hapo.

MGONGO

Mwaka 1975 Mwingereza Barry Sheene alikuwa akifanya mazoezi Daytona, Florida. Tairi la nyuma likafa akiwa kwenye mwendo wa kilomita 280 hivi kwa saa. Alivunjika paja, mkono, mtulinga na mbavu. Waandaaji wa kipindi cha televisheni walikuwepo kumpiga picha, kwa hiyo watu wengi waliiona ajali ile. Wiki saba baadaye alikuwa anashindana tena, na miaka ya 1976 na 1977 akawa bingwa wa dunia wa cc 500.

Sheene hakuridhika na kupona tu. Alianza kuvaa vipande vigumu vilivyopangwa mgongoni kama magamba ya kamba wa baharini, vinavyopinda upande mmoja na kukataa kupinda upande mwingine. Kampuni ya Dainese ya Italia ililichukua wazo hilo na kulifanya bidhaa mwishoni mwa miaka ya 1970. Kinga ya mgongo unayodaiwa leo imezaliwa hapo.

OILI NA MAJI

Huu ndio mstari ambao wageni huulalamikia zaidi. Kwa nini nitoboe kichwa cha bolti nzima na kupitisha waya?

Tarehe 20 Mei 1973, Monza, Italia, mzunguko wa kwanza wa mbio za cc 250. Renzo Pasolini alianguka kwenye kona ya Curva Grande akiwa mbele pamoja na wenzake, na wengine wengi wakamgonga au kuanguka juu yake. Pasolini alifariki. Alifariki pia Jarno Saarinen wa Finland, bingwa wa dunia wa mwaka 1972. Kisa chake kilibishaniwa kwa miaka mingi. Wengine walisema ni oili iliyomwagika kutoka kwa pikipiki moja kwenye mbio za cc 350 zilizotangulia na ambayo haikusafishwa. Wengine walisema injini ya Pasolini ilikwama. Lakini angalia kwamba hakuna aliyesema oili haiwezi kuua. Mwenye oili iliyovuja anaweza kumaliza na kwenda kunywa chai, na anayekufa ni mtu mwingine.

Ndiyo maana ya waya. Bolti ikilegea kwa mtetemo, waya unaizuia isijifungue, mbinu ileile wanayotumia mafundi wa ndege. Sheria za mbio za kimataifa zinataka pia kava la chini liweze kushika angalau nusu ya oili na maji ya injini ikipasuka. Nayo maji ya rejeta yawe matupu kwa sababu ile dawa ya kuzuia kuganda huacha lami ikiwa na utelezi ambao haukauki upesi. Maji hukauka. Vioo na taa vinafuata hoja hiyohiyo: kipande cha kioo chako kitakuwa kwenye tairi la anayekuja nyuma. Nusu ya orodha si ya kukulinda wewe, ni ya kumlinda jirani yako.

PRESHA NA BREKI

Hapa tupige hesabu kidogo. Tairi likipata moto, presha inapanda. Kanuni ya gesi ya shule ya upili inatosha. Weka paundi 30 asubuhi kwenye nyuzi 20, kisha tairi lifike nyuzi 70 baada ya mizunguko kadhaa. Unaongeza presha ya hewa ya usawa wa bahari, 14.7, na kubadili joto liwe la Kelvin:

(30 + 14.7) x 343 / 293 - 14.7 = 37.6

Paundi saba zimeongezeka bila wewe kugusa pampu. Tairi linakuwa gumu, sehemu inayogusa lami inapungua, na kona uliyopita salama asubuhi inakuangusha saa sita. Kwa hiyo wazoefu hupima tairi likiwa moto, mara tu wanapotoka uwanjani.

Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kutoka hewani. Kwa viwango vya DOT 4, yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Mjini hutaona tofauti. Uwanjani unafunga breki kwa nguvu kila baada ya sekunde chache, mafuta yanachemka, mapovu yanaingia, na leva inagusa mkono wa usukani bila pikipiki kupunguza mwendo.

Na mwili wako? Lala mapema na unywe maji mengi, kwani ndani ya ngozi utatoka jasho sana. Soma bendera: ya njano ina maana ya hatari na usimpite mtu, nyekundu ina maana mbio zimesimamishwa, punguza mwendo urudi. Viwanja vingi huwashauri wageni wazibe hata kipima mwendo kwa tepu, ili macho yaangalie kona.

SASA KOMPYUTA

Niliahidi zitarudi. Mwezi Novemba 2007, kwenye mbio za cc 125 za Valencia, Hispania, suti yenye mfuko wa hewa ilifunguka kwa mara ya kwanza mbioni, mwendeshaji alipoanguka. Ndani yake kuna vitambuzi vya mwendo na mzunguko, na programu inayosoma vipimo hivyo bila kupumzika. Kazi yake ni kujibu swali moja: huyu anaanguka, au ameinama tu kwenye kona? Ikisema ndiyo kimakosa, inamfungia mtu mfuko akiwa katikati ya kona. Ikisema hapana kimakosa, imemwacha. Jibu lazima lipatikane ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Tangu mwaka 2018 mfuko huo ni lazima kwa madaraja yote ya MotoGP.

Linganisha tarehe hizo: kutoka suti ya kwanza hadi sheria ya mbioni ni miaka 11. Uwanja hujifunza haraka kwa sababu mkaguzi yupo mlangoni, daktari yupo palepale, na kila ajali inaandikwa. Barabara haina mlango. Hapa kwetu Kenya, sheria ya trafiki ilirekebishwa mwaka 2012 kumtaka mwendesha pikipiki avae helmeti na ampe abiria wake pia. Ni miaka 98 baada ya kofia ya turubai ya Daktari Gardner. Na bado, ukisimama kwenye stendi yoyote ya boda, utaiona helmeti ya abiria ikining'inia kwenye usukani huku abiria akipanda kichwa wazi, kwa sababu hakuna aliyemweleza kuliko agizo tupu.

Mstari usio na maelezo hufutwa. Basi ukipanda boda leo jioni, iombe ile helmeti, uifunge mkanda. Na dereva akikuuliza ya nini kwa safari fupi hivi, mwambie habari za Lawrence. Naye alikuwa karibu na nyumbani.